Matembezi ya Mguu wa Kushoto

Tone lilianguka ndani ya ndoo, ti, kisha kimya kirefu, kisha jingine. Imakulata alifumbua macho gizani akidhani bado yuko wodini Masasi, kwamba ile ni dripu ya mama yake na kwamba yeye amepitiwa na usingizi kitini. Akanyoosha mkono kutafuta ukingo wa kitanda cha chuma. Akagusa mgongo wa mwanawe Flora, aliyejikunja chini ya mablanketi mawili, ndipo akakumbuka. Walikuwa Newala, nyumbani kwa mama, na lile tone lilikuwa ukungu.

Watu wa Masasi hawaamini wakiambiwa. Mwezi wa saba Newala mvua hakuna, lakini usiku ukungu unapanda kutoka bonde la Ruvuma, unalala juu ya mabati, na alfajiri haijafika bati linaanza kutoa jasho. Mji unaonunua maji kwa ndoo haumwagi hata jasho la bati. Tangu Bibi Josephina ajenge nyumba ile hajawahi kulala kipupwe bila kutega ndoo yake ya bluu chini ya mfereji. Asubuhi anapata ya kunawa uso na ya kusuuza vikombe viwili, na anamwambia kila apitaye, "Ya bure hayo."

Jana, walipoingia na baridi yao, Imakulata aliitega ndoo ile bila kufikiri. Mikono ilifanya yenyewe. Wiki hizi tatu mikono yake ilikuwa ikifanya mengi yenyewe: ilifua, ilipika uji wa hospitali, ilimsuka Flora nywele. Yeye mwenyewe alikuwa mahali fulani nyuma ya mikono hiyo, anatazama. Alilia siku ya kwanza tu. Baada ya hapo kilio kilikauka, na hata alipokitafuta hakukiona.

Mambo yalianza mwezi wa sita, na yalianza kwa baridi. Bibi Josephina alikuwa amekaa jikoni, mguu wa kushoto karibu na jiko la mkaa, anaota moto na kumenya muhogo. Jirani yake Ida akapita mlangoni.

"Mama Imakulata, unaunguza nini?"

"Sijaunguza kitu. Hata chungu sijateleka."

"Mbona kunanuka?"

Kumbe ulikuwa mguu. Kisukari kilikuwa kimekwisha kuzila hisia zake kimyakimya, kuanzia vidole, na mwenye mguu hakuwa na habari. Maumivu hayakuja siku ile wala siku ya pili. Kilichokuja ni weusi, nao ulianza kupanda.

Sasa alikuwa hospitali ya Mkomaindo, Masasi, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Daktari alikuwa amesema wazi siku ya Alhamisi, mbele ya mama na binti. Jumapili asubuhi wakate chini ya goti, na mama ataishi. Wakichelewa zaidi ya hapo, weusi utakuwa umepita goti, na yeye daktari hatakuwa na neno la kumwambia mtu. Fomu ya kukubali lazima iwekwe dole Jumamosi jioni. Imakulata alipouliza kama yeye anaweza kuweka dole badala ya mama, daktari alitikisa kichwa. "Mama ana akili zake timamu. Mguu ni wake na dole ni lake."

Bibi Josephina aliitazama fomu kama mtu anayeonyeshwa kitambaa kibovu sokoni.

"Mguu huu umetembea Newala miaka arobaini na miwili," akasema. "Hauondoki bila kuaga. Nipelekeni Newala."

"Mama, kwa barabara ile? Kwa hali hii?"

"Basi upeleke wewe. Si una simu yenye picha? Nitembeze mji mzima, toka mlangoni kwangu mpaka ukingoni bonde linapoonekana. Kwa mpango, usirukeruke. Usianzie stendi kama mgeni. Nikishauona mji, nikajua upo na watu wangu wapo, nitaweka dole."

"Ukishaona tu?"

"Nikishaona. Lini nimekudanganya?"

Imakulata akalitoa daftari lake la Baiolojia. Alikuwa anasoma masomo ya jioni, anarudia kidato cha nne pamoja na wauza mitumba na mapolisi, na katika daftari hilo alikuwa amechora kwa penseli mishipa ya fahamu inavyopeleka habari kutoka kidoleni hadi kwenye ubongo. Akageuza ukurasa wa nyuma, akaandika alivyoambiwa: mlangoni, njia ya mikorosho miwili, soko, baraza ya Mujibu, kanisa, boma la Wajerumani, ukingo. Ijumaa akapanda Newala na mtoto, kwa sababu hakuwa na wa kumwachia. Baba Flora alikuwa Mtwara kwenye vibarua vya bandari, na alikuwa anapiga simu kila jioni kuuliza, "Ameshaweka?"

Hajaweka. Na leo ndiyo Jumamosi yenyewe.

Saa moja asubuhi walitoka. Ukungu ulikuwa umekaa mlangoni kama mgeni asiyebisha hodi. Imakulata alijifunga kanga mbili juu ya sweta, akamvisha Flora koti la mitumba lililomfika magotini, akarudi hatua nne, akaupiga picha mlango. Akatazama. Hakukuwa na mlango. Kulikuwa na weupe na kivuli cha kitu. Akaifuta. Akapiga tena, akaifuta tena.

"Shika," akamwambia Flora, akampa simu, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na daftari na mwingine na dumu tupu la Ida ambalo mama alikuwa amesisitiza lirudishwe. Wakashuka njia ya mikorosho miwili. Kwa mbali mashine ya kupulizia mikorosho dawa ya salfa ilikuwa inanguruma shambani kwa mtu, na harufu yake ilikuja ndani ya ukungu. Watu walitokea ghafla hatua tatu mbele, wamejitanda mablanketi hadi masikioni, wakasalimia, wakapotea.

"Shikamoo."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Imakulata, wa Bibi Josephina."

"Ahaa! Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anaendelea," alisema kila mara, na neno lilitoka kama pumzi, likawa moshi kidogo, likaisha.

Ida alikuwa anauza maandazi na uji pembeni mwa soko, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, ndani ya sweta lililokuwa la mumewe. Miguuni alivaa soksi nyekundu za mpira wa miguu na kandambili juu yake. Alipoelezwa shughuli iliyowaleta, alimkalisha Imakulata kwenye benchi kwa nguvu.

"Unataka kumpelekea mgonjwa picha za moshi? Kaa unywe uji. Jua litatoka saa tano, ndipo mji unapendeza. Mtu anaumwa, mpelekee kitu cha kupendeza."

Lilikuwa neno la busara. Imakulata akakaa. Vidole vya miguu yake, ndani ya kandambili bila soksi, vilikuwa vimebadilika rangi, lakini hakuvitazama. Flora alizungukazunguka na simu, mara chini ya benchi, mara nyuma ya meza, mara barazani kwa Mujibu fundi cherehani. Simu ilikuwa inalia *chk, chk*.

"Flora! Utamaliza chaji. Unapiga nini?"

"Napiga njia."

"Njia gani? Lete hapa."

Saa tano jua likatoka kweli. Ukungu uliinuka mara moja kama shuka, na Newala ikabaki chini yake imeoshwa: mabati yanang'aa, mchanga mwekundu, bendera ya ofisi ya wilaya imenyooka kwa upepo. Upepo wenyewe ulikuwa bado unakata. Imakulata akarudi mlangoni kwa mama, akaanza upya. Akaupiga mlango, na sasa ulikuwa mlango. Akaipiga mikorosho. Akafika kwa Ida, akainua simu.

"Ngoja!" Ida akapiga kelele. Akalivua sweta, akavua na soksi, akazisukumia chini ya meza, akajifunga kitenge kipya kilichokuwa cha kwendea harusini jioni. "Haya sasa. Anione nilivyo, asije akadhani tumekuwa wakimbizi."

Mujibu naye alikuwa ndani ya kabuti lake, kabuti jeusi la zamani lenye kola ya manyoya, ambalo wanawake wa soko walikuwa wakilitania kila kipupwe.

"Mujibu, hilo dubu litakuuma!"

"Liacheni. Ndilo mke pekee asiyenigombeza," akajibu. Kisha akamwona Imakulata na simu. "Subiri kwanza, Mama Flora. Nisionekane mgonjwa kuliko mgonjwa."

Akalivua kabuti, akavua kofia ya sufu, akasimama mbele ya cherehani na shati la mikono mifupi, kifua mbele, meno yanagongana. Imakulata akapiga. Na habari ilitangulia mbele yake kwa kasi kuliko miguu yake. Kila alikofika, mablanketi yalikuwa yamekwisha kukunjwa. Wauza dagaa walisimama mstari mmoja na kanga za sare. Katekista alivaa joho. Mlinzi wa bomani alivua koti, akafunga vifungo vya shati hadi kooni, akapiga saluti. Wote walikuwa wanatetemeka, na wote walitabasamu. Picha haionyeshi kutetemeka.

Ukingoni bonde lilikuwa wazi mpaka ng'ambo. Ruvuma ilionekana kule chini, uzi wa bati, na Msumbiji nyuma yake, ya bluu. Imakulata alisimama pale akingoja ahisi kitu. Mama alikuwa anamleta hapa utotoni, anamshika mkono kwa nguvu mpaka unauma. Akapiga picha tatu. Akaweka alama ya mwisho daftarini. Wakapanda gari la saa nane.

Wodini Mkomaindo kulikuwa na joto la kawaida la Masasi. Madirisha yalikuwa wazi, na watu walikuwa wanajipepea. Watoto hawaruhusiwi kuingia, lakini muuguzi Brigita alikuwa amemwonea huruma Flora. Alimwinamia mlangoni, kidole mdomoni.

"Ukisema kwa sauti, nakutoa. Sawa?"

Flora akaitikia kwa kichwa, akafunga mdomo kama anayeshikilia maji ndani.

Bibi Josephina aliinuliwa, akawekewa mito miwili. Mguu ulikuwa chini ya shuka, na harufu yake ilikuwa juu ya shuka. Fomu ilikuwa mezani, na kidau cha wino juu yake ili isipeperuke. Imakulata akaketi kitandani, akashika simu mbele ya macho ya mama yake, akaanza kumtembeza.

"Huu mlango wako."

"Mm."

"Mikorosho."

"Mm."

"Huyu Ida."

Bibi Josephina akaitwaa simu. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Anakwenda wapi na kitenge hicho saa za maandazi?"

"Alibadilisha kwa ajili yako."

"Endelea."

Ikaja ya Mujibu. Imakulata akaona uso wa mama yake unafungwa kama duka.

"Picha hizi za lini?"

"Za leo, mama. Leo asubuhi."

"Mwezi wa saba Mujibu yuko na shati la mikono mifupi? Mujibu?"

"Alivua kabuti apigwe picha."

"Na hawa wa dagaa?"

"Walivua."

"Na huyu mlinzi?"

"Wote, mama. Walivua wote."

"Na ukungu nao ulivua?"

Mwanamke wa kitanda cha pili akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Bibi Josephina hakucheka. Akairudisha simu juu ya shuka.

"Hizi za Krismasi. Umeazima kwenye simu ya mtu. Umekaa hapahapa Masasi, umepanga na daktari wako, mnidanganye kama mtoto anayechomwa sindano. Bonde wazi mpaka Msumbiji, kipupwe! Siweki dole kwenye uongo."

"Mama, nimekwenda."

"Hujakwenda."

Brigita alikuja akasimama miguuni pa kitanda. "Mama Flora, zamu yangu inaisha saa kumi na mbili," akasema taratibu. "Daktari ananisubiri na hiyo fomu." Ilikuwa imebaki kama robo saa.

Imakulata alijua kwamba hapa ndipo mtu hulia. Mtu hupiga magoti, hushika mkono wa mama yake, hutaja jina la mtoto. Alilitafuta tena lile chozi, au neno lolote, akakuta ganzi tu, pana, haina pa kushika. Alikuwa amefanya kila kitu kama kilivyoandikwa daftarini. Alikuwa amengoja jua ili ampendeze mama yake. Akakaa, mikono magotini, akatazama robo saa inavyopita.

Flora ndiye aliyeichukua simu. Akapanda ukingoni mwa kitanda, akaweka kidole kwenye kioo, akazirudisha picha nyuma, bonde, boma, kanisa, Mujibu, Ida, mlango, akapita mlango, akaenda nyuma zaidi, mahali ambapo mama yake hakuwa amepatazama. Akamwekea bibi yake simu mkononi.

Ilikuwa nyeupe nusu. Nusu ya chini ilikuwa miguu.

Zilikuwa nyingi, ishirini au zaidi, zote zimepigwa kutoka kimo cha mtoto wa miaka mitano aliyezamishwa ndani ya koti. Hazikuwa na nyuso. Kulikuwa na pindo la blanketi na visigino vyenye mchanga mwekundu uliolowa. Kulikuwa na baiskeli mpaka kwenye pedali, na juu yake ukungu. Bibi Josephina alizipitia polepole, kwa kidole gumba, na midomo yake ikaanza kucheza.

"Hapa mlangoni," akasema, si kwa mtu. "Ndoo yangu hii. Imejaa nusu. Hapa njia inapinda kwenye mzizi. Kila siku najikwaa hapo." Akapitisha nyingine. "Hii miguu ya mama wa dagaa, dole lake moja limepinda. Na huyu… Yesu wangu, soksi za mpira! Ida, soksi za mpira na kandambili!" Akatoa sauti ambayo Imakulata hakuwa ameisikia tangu mwezi wa sita, kicheko kikavu cha puani. "Na hili pindo la kabuti. Nililishona mimi hili, mwaka aliofiwa na mkewe. Limefumuka tena. Mwambieni alishone, fundi gani huyu."

Akaendelea. Chini ya shuka, mguu wa kulia, ulio mzima, ulikuwa unajongea kidogo, unakanyaga. Ule mwingine ulikuwa umetulia.

Picha ya mwisho ilikuwa ya miguu minne, imepigwa kwa kuinama. Viatu viwili vidogo vya chekechea, na kandambili za mtu mzima, vidole vimekuwa vyeupe na kucha za kijivu.

Bibi Josephina akaitazama hiyo kuliko zote. Kisha akatazama sakafuni, miguu ya binti yake.

"Ulitembea Newala mwezi wa saba bila soksi?"

"Nilisahau kubeba."

"Haikuuma?"

"Sikuhisi, mama."

"Usiniambie hukuhisi." Sauti ilipanda, na mwanamke wa kitanda cha pili akageuka. "Mimi nilisema hivyohivyo. Nilikaa hapo motoni nikasema sihisi kitu, nikajiona hodari. Nyanyua mguu. Nyanyua, weka hapa."

Imakulata akaweka mguu wake ukingoni mwa kitanda kama mtoto. Mama yake akavishika vidole, akavisugua kwa viganja vyote viwili, kwa nguvu za mkulima, kimoja baada ya kingine. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha kidole cha mwisho kikachoma, kama sindano ndogo, na cha jirani yake, na Imakulata akavuta pumzi kwa meno.

"Inauma?"

"Inauma."

"Sawa," Bibi Josephina akasema, lakini hakuuachia mguu. Alikaa nao pajani akitazama dirishani. Nje ya uzio wa hospitali wauza machungwa walikuwa wanakusanya vitu vyao. "Mtoto kapiga njia mpaka kwa Mujibu. Mzizi na kila kitu. Basi, na hilo bonde lenu naliamini, mguu umeona." Akanyoosha mkono wa kulia upande wa Brigita bila kumtazama. "Lete huo wino wako kabla sijabadili nia. Na huko ndani mwambie daktari asikate zaidi ya haja. Akate panapotosha."

Brigita akafungua kidau. Akalishika dole gumba la Bibi Josephina, akalikandamiza kwenye wino, kisha kwenye karatasi, akalibiringisha kushoto na kulia. Lilibaki pale, la bluu, lenye mistari ya ugumu wa jembe, na Imakulata akalitazama na vidole vyake vikiendelea kuchoma. Brigita alipuliza karatasi ikauke.

Flora akasahau alichoahidi mlangoni.

"Bibi, ndoo yako tumeiacha nje."